Tangi la mafuta limeng'olewa, shimo liko wazi: msifukie kabla ya kupima udongo

#1 shimo_wazi (mleta mada)

Wakuu, kuna uzi wa jirani humu watu wanapongezana kwa kung'oa matangi ya kituo cha mafuta cha zamani na kufukia siku hiyohiyo. "Saa tisa tumeshasawazisha, kazi safi." Nilisoma nikashika kichwa. Nimesimamia ung'oaji wa matangi miaka kadhaa, na kama kuna neno moja ningependa mwenye kiwanja alishike ni kwamba lile shimo hufunguka mara moja tu. Ukishalifukia, swali lolote kuhusu udongo wa chini litajibiwa kwa kuchoronga, na kuchoronga ni kupapasa gizani kutafuta kitu ambacho jana ulikuwa unakitazama mchana kweupe.

Nianze na tangi lenyewe, maana ndilo linalokuonyesha pa kupima. Likishatolewa gesi, likanyanyuliwa na kulazwa pembeni, lisipakiwe kwenye lori kabla hujalizunguka. Bandua udongo kwa kipande cha mbao, uangalie tumbo lake. Angalia hasa pale chini ya mdomo wa kuingizia kijiti cha kupimia mafuta. Kile kijiti kimekuwa kikigonga sehemu ileile miaka nenda miaka rudi, na maji yanayotuama chini ya mafuta yanakula chuma kutokea ndani. Kuna tangi moja nililitoa likiwa na lami yake nje karibu yote, nikalitangaza zima. Kijana aliyekuwa analisafisha akaniita. Chini ya mdomo wa kijiti palikuwa na tundu dogo, ncha ya kalamu ingetosha kuliziba. Udongo uliogandamana hapo ulikuwa wa kijivu kinachoelekea kijani, na shimo zima ni udongo mwekundu.

Nikatia alama kwa chaki, nikapima urefu kutoka mwisho wa tangi hadi kwenye tundu, nikahamishia kipimo hicho shimoni. Hapo ndipo nilipochukua sampuli ya kwanza. Zilichukuliwa tano siku hiyo. Nne za pembeni zilirudi safi. Hiyo moja ilirudi na majibu ya kutisha. Ningekwenda kwa mazoea ya "pembe nne na basi", leo ningekuwa nimeandika ripoti ya uongo bila kujua.

Kwa hiyo, wapi pa kuchukua? Chini ya kila mwisho wa tangi, chini ya mdomo wa kujazia na wa kijiti, chini ya kila tundu au kovu la kutu uliloliona. Kisha kuta za shimo, hasa mstari ambao maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kujipaka kwenye udongo kila maji yanapobadilisha kimo. Halafu mabomba. Watu husahau mabomba! Fuata mtaro wote kutoka tangi hadi pampu, chukua chini ya kila kiungo, kila kona, na chini ya kila pampu. Tangi ni ganda moja lililolala. Bomba lina viungo kumi, linakanyagwa na magari kila siku na linatikiswa kila pampu inapowashwa.

Sampuli itoke kwenye udongo wa asili ambao haujawahi kuguswa na chepe, sentimita 30 hadi 60 chini ya palipolala tangi. Usichote ule mchanga laini uliomwagwa kuzunguka tangi siku linafukiwa. Ule ni matandiko tu, na mafuta hupita ndani yake kama maji kwenye chujio yakaenda kukaa chini.

Na tafadhali, hakuna mtu kuingia shimoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajaa chini, na ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa cheche moja inatosha. Ukiachilia mbali moto, kuta zenyewe zinaporomoka bila kupiga hodi. Mwache mwendeshaji wa ekskaveta akuletee udongo kwenye ndoo yake juu, wewe kwangua uso wa udongo ule, uchote katikati, pasipogusana na chuma.

Nini cha kupima kinategemea tangi lilibeba nini. Petroli: benzini (nasema kemikali ile, si petroli yenyewe), toluini, ethilibenzini na zailini, pamoja na naftalini na jumla ya haidrokaboni nyepesi (haidrokaboni ndizo kemikali zinazounda mafuta). Ongeza MTBE, kemikali ya kuongeza okteni ya petroli, kama mafuta ya eneo hilo yamewahi kuchanganywa nayo. Hiyo haishiki udongo, inakimbia na maji. Mwaka 1996 jiji la Santa Monica, California, lilifunga visima vyake vingi vya maji ya kunywa kwa sababu yake. Kituo kikiwa cha zamani pima pia metali ya risasi. Algeria, nchi ya mwisho kuacha petroli yenye risasi kwa magari, iliacha Julai 2021, kwa hiyo "zamani" si lazima iwe zama za babu. Dizeli na mafuta ya taa: haidrokaboni nzito zaidi, na zile za pete nyingi, kundi moja na naftalini. Tangi la oili chafu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu humo watu wamemwaga kila kitu. Hapo ongeza metali na viyeyushi vya kusafishia vyuma.

Sampuli zikishachukuliwa, weka kwenye chupa ya kioo, kifuniko kikazwe, barafu, maabara. Nimemaliza, karibuni.

#2 Kifusi

Mkuu heshima yako, lakini naona unawatisha watu. Mimi nimekalia ekskaveta muda mrefu na pua yangu haijawahi kunidanganya. Udongo wenye mafuta unanuka, usio na mafuta haunuki. Ukinuka tunachota mpaka usinuke, tunafukia. Maabara ni ya watu wenye muda.

#3 shimo_wazi

Kifusi, pua yako naiheshimu, ni chombo cha kwanza kufika. Tatizo ni kwamba inachoka. Ukikaa nusu saa kando ya shimo la petroli, hiyo harufu unaacha kuisikia, na wewe mwenyewe unajua. Pili, kunusa udongo makusudi ni kuvuta benzini makusudi, na benzini inasababisha saratani ya damu. Usimfundishe kijana wako tabia hiyo.

Kuna kipima mvuke cha kushika mkononi, chenye taa ndani inayozipa molekuli za mvuke chaji ya umeme, kipima kikazihesabu. Chukua mfuko wa plastiki wenye zipu, ujaze udongo nusu, funga, uache dakika kumi hivi, utikise, halafu penyeza ncha ya kipima kwenye tundu dogo. Fanya vilevile kwa kila ndoo, mifuko ileile, muda uleule. Namba hizo hazikuambii milligramu ngapi za nini, ila zinakuambia wapi kuna zaidi ya wapi. Mimi huzitumia kuamua ndoo ipi iende maabara na lini ekskaveta isimame.

Lakini kwenye dizeli nzee kipima hiki ni kama kipofu. Dizeli haivukizi sana. Nimewahi kuona kinasoma 6 kwenye udongo ambao ukiufinya unaacha alama ya mafuta kwenye glavu. Hapo mimi hutia kijiko cha udongo kwenye chupa ya maji safi, natikisa, natazama kama juu patatokea utando.

#4 mpima_sampuli

Uzi mzuri, ila mleta mada amekimbia pale mwisho kama anakimbizwa. "Chupa ya kioo, barafu, maabara." Huko ndiko sampuli nyingi zinakofia, nami ndiye ninayezipokea zikiwa maiti.

Nafanya kazi upande wa pili wa meza. Naletewa chupa zilizojazwa nusu, juu hewa tupu. Kemikali nyepesi zimeshatoka kwenye udongo zikakaa kwenye hiyo hewa, na nikifungua kifuniko zimekwenda zake. Nitapima, nitaandika namba, na namba itakuwa ya kweli kwa udongo niliopewa. Kwa udongo wa shimoni kwenu itakuwa uongo. Majibu yakitoka mazuri mnashangilia.

Kwa zile zinazovukiza, njia bora ni kuchoma udongo kwa kibomba kidogo mfano wa bomba la sindano lililokatwa ncha, unatoa gramu 5 hivi, unazisukuma moja kwa moja ndani ya kichupa chenye methanoli kilichokwisha kupimwa uzito maabara. Sekunde chache, kifuniko. Methanoli inazinasa hapohapo. Kama huna hivyo vichupa, tumia vile vibomba vinavyofungwa bila hewa, lakini vifike kwangu ndani ya saa 48. Kwa haidrokaboni nzito na metali, chupa ya mdomo mpana iliyojaa pomoni inatosha.

Ubaridi uwe kati ya nyuzi 0 na 6 za Selsiasi. Barafu iwe nyingi na imezunguka chupa. Wengine huweka vipande viwili juu kama pambo! Kemikali nyepesi zilizohifadhiwa vizuri zina siku 14 tangu kuchukuliwa. Haidrokaboni za dizeli zitolewe kutoka kwenye udongo ndani ya siku 14, kisha nina siku 40 za kuzipima.

Na fomu ya makabidhiano, jamani. Nani alichukua, saa ngapi, wapi, nani alimkabidhi nani. Nimewahi kupokea chupa sita zilizoandikwa "shimo". Zote sita.

#5 shimo_wazi

Nimepigwa kiboko nimekubali 😅 Ni kweli nilikimbia. Wasomaji, la mpima_sampuli lichukueni badala ya mstari wangu ule wa mwisho.

#6 pampu_ya_kona

Naongezea kwenye mabomba, mimi ni fundi wa pampu. Kuna kituo tuliitwa kwa sababu hesabu zilikuwa zinapungua kidogokidogo kila mwezi. Tangi lilijaribiwa, zima. Meneja akawatuhumu vijana wa pampu kuwa wanaiba, wawili wakafukuzwa. Muda mrefu baadaye kituo kikavunjwa, mtaro ukafunguliwa, tukaona kiwiko kimoja cha bomba chini ya pampu namba tatu. Nati yake ilikuwa inageuka kwa vidole. Udongo chini yake ulikuwa mweusi mpaka kimo cha mtu mzima. Wale vijana hawajawahi kuombwa radhi mpaka leo.

#7 Kifusi

Haya, tukubali maabara. Lakini kwa nini sampuli nyingi hivyo, tuseme kumi na tano? Changanya tano tano kwenye ndoo, koroga, toa moja. Unalipa tatu, unajua hali ya shimo zima.

#8 mpima_sampuli

Kwa shamba la mahindi ukitafuta rutuba, changanya. Kwa shimo la petroli unajidanganya mara mbili. Kwanza, kukoroga kwenyewe kunafukuza zile kemikali unazozitafuta. Pili, piga hesabu: sampuli moja ina milligramu 10 za benzini kwa kilo, nne hazina kitu. Ukichanganya unapata 2. Kama kikomo ulichopewa ni 5, umefaulu mtihani na tatizo limebaki chini palepale. Kwa zile zinazovukiza, kila sampuli ijitegemee.

Bora uchukue chache mahali sahihi kuliko nyingi ulizozichanganya.

#9 mwenye_kiwanja

Wakuu habari za kazi. Nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu juzi kwa sababu haya yamenikuta. Nimenunua kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta. Matangi mawili, moja petroli moja dizeli, yametolewa jana. Mkandarasi alitaka kufukia jioni, nikakumbuka uzi huu nikamzuia, kanuna kweli. Leo asubuhi nimekuta maji yamejaa chini ya shimo, kama kimo cha goti, na juu kuna rangi za upinde wa mvua. Mkandarasi anasema ni kutu tu ya kawaida ya ardhini. Naomba ushauri, nifanye nini kwanza?

#10 shimo_wazi

Hongera kwa kumzuia. Akinuna atazoea.

Kwanza jaribu fimbo, ukiwa umesimama mahali salama mbali na ukingo. Gusa ule utando kwa kijiti kirefu. Utando wa bakteria wa chuma, ile "kutu" anayoisema mkandarasi, huvunjika vipandevipande kama kioo chembamba, vipande vikabaki vimeachana. Utando wa mafuta hukwepa kijiti halafu hurudi na kujifunga tena. Tuambie umeona nini.

Pili, udongo ulio chini ya maji hautakupa jibu zuri. Chukua sampuli za ukutani, pande zote, pale juu kidogo ya mstari wa maji. Na maji yenyewe yapimwe, kwenye vichupa vyake, bila povu wala hewa. Usimruhusu mtu yeyote ayavute kwa pampu na kuyamwaga mtaroni. Hayo sasa ni maji machafu na yana utaratibu wake wa kutupwa. Kaulize mamlaka ya mazingira ya nchi yako kabla hujagusa.

Tatu, ule udongo uliotolewa uko wapi? Kama umerundikwa chini hivihivi, mvua moja tu na uchafu unarudi ardhini mahali papya. Utandikie turubai la plastiki na uufunike. Ukifika wakati wa kuupima, chimba ndani ya lundo kama sentimita 30, kwa sababu uso wake umeshapigwa na jua na upepo na utakudanganya.

#11 mwenye_kiwanja

Umerudi na kujifunga. 😔

Lundo limefunikwa sasa hivi. Swali la mtu asiyejua: petroli ilivuja kidogo tu, labda ndoo chache kwa miaka yote hiyo. Kweli inaweza kudhuru? Nyuma ya ukuta kuna majirani wenye kisima.

#12 mpima_sampuli

Chukulia petroli yenye benzini asilimia 1. Lita moja ina mililita 10 za benzini, yaani takriban gramu 8.8. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Gawanya. Lita moja ya petroli inabeba benzini ya kutosha kufikisha kikomo hicho lita 880,000 za maji. Moja, si ndoo.

Sasa usikimbilie kwa jirani ukapige yowe. Ardhini benzini haifiki yote kwenye maji: nyingine inavukiza, nyingine inaliwa na bakteria wa udongo, ambao wana bidii sana wakipata oksijeni. Udongo wa mfinyanzi unachelewesha, mchanga unaachia. Ndiyo maana tunapima badala ya kukisia. Lakini kisima kikiwa karibu, maji yake yapimwe sasa, na jirani aambiwe ukweli kuwa yanapimwa. Asije akasikia kwa dereva wa ekskaveta.

#13 Kifusi

Mbona mimi tena 😂

#14 shimo_wazi

Naongezea kitu kimoja juu ya majirani. Mvuke nao husafiri. Hupita kwenye mchanga wa kujazia wa mitaro ya maji taka na ya nyaya na kutokea kwenye chumba cha mtu, hasa vyumba vya chini ya ardhi. Mtaro wowote unaokatiza karibu na shimo lako ni barabara. Weka sampuli moja hapo, kwenye mchanga wa mtaro huo. Hii ndiyo mara pekee nitakayokuambia upime mchanga wa kujazia.

#15 mwenye_kiwanja

Wakuu nimerudi, majibu yametoka. Tulichukua sampuli 14 za udongo: kuta nane juu ya mstari wa maji, mtaro wa mabomba nne, chini ya pampu mbili. Pamoja na moja ya pacha (ya pili ya mahali palepale, kuona kama majibu yatalingana) na chupa safi iliyokwenda na kurudi bila kufunguliwa, kuona kama uchafu uliingia njiani. Namba zote za udongo ni milligramu kwa kilo. Kiwiko cha bomba karibu na pampu ya petroli: jumla ya haidrokaboni 4,100, benzini 3.2. Ukuta wa mashariki: haidrokaboni 650. Nyingine zote haidrokaboni ni ndogo kabisa, na benzini zimeandikwa alama ya "<" (chini ya) na 0.5 mbele yake. Chupa iliyosafiri haina kitu. Kisima cha jirani hakina kitu, Mungu mkubwa. Maji ya shimoni yamechafuka kama tulivyotegemea.

Kikomo cha benzini nilichopewa na mamlaka kwa kiwanja cha makazi ni 0.1. Kwa hiyo nikitoa pale kwenye kiwiko na ukuta wa mashariki, kwingine niko salama, au siyo? Mkandarasi yuko getini anasubiri neno langu.

#16 shimo_wazi

Asubiri.

Soma tena ile alama. "<0.5" maana yake mashine haikuona kitu kwa uwezo wa kuona hadi 0.5. Chini ya hapo haijui. Kikomo chako ni 0.1. Udongo wako unaweza kuwa na 0.4, mara nne ya kikomo, na karatasi ingeandika vilevile. Si kwamba umechafuka. Ni kwamba hizo sampuli kumi na kadhaa bado hazijakujibu. Mpima_sampuli, uko wapi?

#17 mpima_sampuli

Nipo. Mwenye_kiwanja, hili hutokea kwa sababu mbili. Ama walizimua sana kwa hofu ya kuharibu mashine kutokana na sampuli ile chafu, wakazimua zote kwa pamoja, ama hukuwaambia kikomo chako mapema na wao wakatumia cha kawaida yao. Kosa la pili ni la kwetu wote. Siku zote andika kikomo kwenye fomu kabla sampuli hazijaondoka.

Angalia pia kama namba ni kwa uzito mkavu. Udongo wa ukutani kwako umeloa. Ukiwa na maji asilimia 25 na namba ni ya uzito wenye maji, 0.09 yako ni 0.12 halisi. Umeshavuka.

La muhimu: zilichukuliwa lini? Kama kuna vichupa vya methanoli vya akiba na siku 14 hazijapita, warudie bila kuzimua. Huhitaji kuchimba upya.

#18 pampu_ya_kona

Kiwiko tena. Niliwaambia.

#19 shimo_wazi

Wakati unasubiri, hapo kwenye kiwiko kazi inaweza kuendelea. Ekskaveta ichote taratibu, nusu mita nusu mita, kila hatua mfuko wa zipu na kipima mvuke. Kikishuka hadi karibu na kile kinachosomwa kwenye udongo safi wa pembeni, simama, chukua sampuli mpya za chini na za pande nne za hilo shimo dogo, zipeleke. Zile ndizo zitakazosema umemaliza, si macho.

Ukuta wa mashariki ni habari nyingine. Kama uchafu unaingia chini ya ukuta wa jirani au msingi wa jengo, usiufuate kwa ndoo. Nimeona ukuta ukilala shimoni kwa sababu mtu alikuwa anakimbiza milligramu 600. Haidrokaboni za dizeli bila benzini zinaweza kuachwa zikapulizwa hewa kwa mabomba bakteria wazimalize, kama mamlaka itaridhia. Inachukua miezi, lakini ukuta unabaki umesimama.

#20 Kifusi

Mwenye_kiwanja, mimi sijui kemia, lakini kwa hilo la ukuta msikilize mleta mada. Na mwambie dereva wako akae upande wa mbali na ukuta, udongo aliouchota asiurundike ukingoni. Uzito wa lundo tu unatosha kuangusha ukingo.

#21 mwenye_kiwanja

Nimepiga simu maabara. Leo ni siku ya tisa tangu zichukuliwe. Vichupa vya akiba vipo kwenye friji lao, walizimua zote kwa pamoja kama alivyosema mpima_sampuli. Wanarudia kesho, na nimewatumia kikomo kwa maandishi. Uzito ni mkavu, nimeuliza.

Kiwiko tumeshuka mita moja na nusu, kipima kilianza 380, sasa kinasoma 4. Sampuli tano mpya ziko kwenye barafu, barafu imezunguka chupa. Kila chupa ina jina lake, hakuna iliyoandikwa "shimo".

Mkandarasi nimemwambia aende nyumbani. Shimo nimelizungushia uzio na utepe, nimeweka mlinzi.